Kamera za mwendo kasi karibu na shule: funzo la Uganda kwa majirani zake

Mwezi Juni 2025, wenye magari nchini Uganda walianza kupokea faini kwa makosa ambayo hakuna askari aliyewasimamisha barabarani kuwaeleza. Kamera zilizofungwa kandokando ya barabara zilikuwa zimepima mwendo wa gari na kupiga picha ya namba za usajili, kisha mfumo wa kompyuta ukamwandikia mmiliki deni. Kabla mwezi huo haujaisha, Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitangaza kuusitisha mfumo huo, unaojulikana kwa jina la EPS Auto, ili ufanyiwe mapitio. Tangazo hilo lilikuja baada ya malalamiko ya madereva, wabunge na wanasheria.

Kisa hicho kinazigusa nchi zote za ukanda huu. Rwanda imekuwa ikitumia kamera za aina hiyo kwa miaka kadhaa sasa, nazo Kenya na Tanzania zina sheria zinazoruhusu dereva kutozwa faini bila kesi kusikilizwa mahakamani. Kwa madereva wa malori na mabasi wanaovuka mpaka wa Gatuna au Kagitumba kuelekea Kampala, suala hili ni la mfukoni moja kwa moja. Kwa wazazi, ni suala la uhai, kwa kuwa sehemu kubwa ya watoto wa Afrika Mashariki huenda shuleni kwa miguu, mara nyingi kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Pande zote mbili zilizobishana nchini Uganda zilikuwa na hoja ya kweli. Serikali ilisema barabara zinaua na lazima mwendo upunguzwe. Wananchi nao walisema adhabu inayotolewa na mtambo lazima iwe na mipaka. Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba hoja hizi mbili hazipingani. Mahali ambapo sheria imeiwekea kamera mipaka iliyo wazi, kamera imepata nafasi ya kudumu na kuokoa maisha. Mahali ambapo mipaka haikueleweka, kamera imeondolewa pamoja na faida zake.

Kilichozua mgogoro Kampala

Takwimu za polisi ya Uganda zinaonyesha kwamba mwaka 2024 watu 5,144 walipoteza maisha katika ajali za barabarani nchini humo, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia. Mwendo kasi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa kila mwaka. Hivyo serikali haikukosa sababu ya kuchukua hatua.

Hatua zenyewe zilikuwa mbili, nazo zilikutana kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa kanuni mpya za mwendo, zilizoweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa katika maeneo yenye watembea kwa miguu wengi, kama vile karibu na shule, hospitali na masoko. Ya pili ilikuwa kamera zilizoanza kutekeleza kikomo hicho bila kuchoka na bila kusamehe. Dereva aliyezoea kupita kituo cha biashara kwa kilomita 50 alijikuta na hatia mara kadhaa kwa siku moja, na aghalabu hakujua hilo hadi alipoitafuta namba ya gari lake katika mfumo.

Kiwango cha faini ndicho kilichowasha moto. Kuzidisha mwendo kwa kisichozidi kilomita 30 kulitozwa shilingi za Uganda 200,000, na kuzidisha zaidi ya hapo shilingi 600,000. Kwa dereva wa teksi ya abiria au mwendesha bodaboda, fedha hizo zinaweza kuwa mapato ya siku nyingi. Yalizuka pia maswali juu ya muda mfupi wa kulipa, nyongeza kwa anayechelewa, na mgawanyo wa mapato kati ya serikali na kampuni ya kibinafsi inayohusika na mitambo. Baadhi ya wanasheria walikwenda mahakamani wakidai kwamba utaratibu huo unakiuka katiba.

Kwa nini kilomita 30

Kabla ya kuzitazama hoja za kisheria, yafaa kueleza kwa nini wataalamu wa usalama barabarani wanasisitiza kikomo ambacho madereva wengi wanakiona kuwa ni mwendo wa kobe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linasema pia kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, mwezi Februari 2020 ulipendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi kidogo ya mita 8 kwa sekunde moja. Linalokwenda kilomita 50 hupita karibu mita 14. Tuseme mtoto anaingia barabarani ghafla, mita 14 mbele ya gari, na dereva anahitaji sekunde moja kuona na kukanyaga breki. Dereva wa kilomita 30, kwenye lami kavu na kwa breki nzima, anaweza kusimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 atakuwa amemfikia mtoto huyo wakati breki ndiyo kwanza inaanza kushika. Tofauti ya kilomita 20, ambayo kwa dereva ni dakika chache za safari, kwa mtoto ni tofauti ya kuvuka au kutovuka.

Hoja ya mwendo mdogo karibu na shule, kwa hiyo, ina msingi imara. Ubishi unabaki kwenye namna ya kuutekeleza.

Wapi, na saa ngapi

Swali la kwanza ambalo sheria inapaswa kulijibu ni mahali na wakati. Kikomo cha kilomita 30 mbele ya lango la shule saa moja na nusu asubuhi kinaeleweka na kila mtu. Kikomo hichohicho saa tisa usiku, au siku ya likizo, huwa vigumu kukitetea. Na kama eneo la shule halina alama inayoonyesha linaanzia wapi na kuishia wapi, dereva anahukumiwa kwa mstari asiouona.

Kenya inatoa mfano wa sheria iliyofikiria wakati. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2017 yanataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa karibu na shule za awali, za msingi na za sekondari, katika saa ambazo watoto wanakwenda au kutoka shuleni na wakati wa mapumziko, na kikomo hicho kioneshwe kwa alama za barabarani. Mtu anaweza kubishana juu ya kilomita 50, ambazo ni nyingi kuliko zinazopendekezwa na wataalamu. Hata hivyo, sheria hiyo inamwambia dereva waziwazi ni wapi, lini na kwa ajili ya nani.

Jiji la New York, Marekani, limepitia safari ndefu zaidi katika jambo hili. Mwaka 2013 bunge la jimbo liliruhusu jiji hilo kufunga kamera katika maeneo 20 tu ya shule, kwa majaribio, na kwa kuzingatia saa za masomo. Mwaka uliofuata idadi ikaongezwa hadi 140. Ruhusa hiyo iliwekewa tarehe ya kumalizika, na bunge liliposhindwa kuafikiana mwezi Julai 2018, ilikwisha kweli. Ilibidi gavana na baraza la jiji watafute njia ya dharura ili kamera zirudi kabla ya shule kufunguliwa. Mwaka 2019 sheria mpya iliruhusu maeneo 750 na kuongeza saa za kazi. Kuanzia Agosti 2022 kamera hizo zinafanya kazi usiku na mchana, na mwaka 2025 muda wake ulirefushwa hadi 2030.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa hatua zenyewe. Kila nyongeza ilitanguliwa na ripoti na mjadala, na kila ruhusa ilikuwa na mwisho wake. Tarehe hiyo ya mwisho, ambayo watetezi wa kamera waliilalamikia, ndiyo iliyowalazimisha wanasiasa kurudi kila mara kwa wananchi na kuonyesha matokeo. Kamera zilizoanza katika maeneo 20 zimefika katika mamia kwa sababu hazikuletwa zote kwa siku moja.

Nani alipe: dereva au mwenye gari

Swali la pili ni gumu zaidi, hasa katika nchi zetu. Kamera inaona namba ya gari, lakini haijui aliyeshika usukani. Je, ni haki kumtoza mmiliki?

Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama huru isiyopendelea upande wowote, na kuhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Hoja ya wanaopinga faini za mtambo ni kwamba mmiliki anayepokea deni bila kuulizwa lolote anakuwa amehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Mahakama za nchi nyingine zimeshakutana na hoja hiyo. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitupilia mbali malalamiko ya raia wa Uholanzi aliyetozwa faini kwa sababu dereva wa gari lake hakusimama kumpisha mtembea kwa miguu kwenye kivuko. Mmiliki huyo alisema si yeye aliyekuwa akiendesha. Mahakama ilikubali kwamba sheria inaweza kumwajibisha mmiliki, mradi awe na njia ya kweli ya kupinga, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba gari lilitumiwa bila ridhaa yake. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo iliona kuwa Uingereza haikukiuka haki ya kusikilizwa kwa kumtaka mmiliki amtaje aliyekuwa akiendesha.

Kwa ufupi, kumtoza mmiliki kunaweza kukubalika kisheria, lakini kwa masharti. Adhabu iwe ya fedha na iwe ndogo kiasi, isigeuke kuwa rekodi ya jinai, na mlango wa kujitetea uwe wazi. Huko New York, faini ya kamera ya shule ni dola 50, humwangukia mmiliki, na haimpunguzii dereva alama za leseni. Faini hutolewa tu kwa gari lililozidisha zaidi ya maili 10 kwa saa, yaani takriban kilomita 16, juu ya kikomo.

Afrika Mashariki ina ugumu wake wa ziada. Magari mengi ya abiria huendeshwa na mtu asiye mmiliki, kwa makubaliano ya kupeleka hesabu jioni. Magari mengine yameuzwa mara mbili au tatu bila jina kubadilishwa katika daftari la usajili, hivyo faini humfikia mtu aliyeachana na gari hilo miaka iliyopita. Lipo pia gari lenye namba za nchi jirani, ambalo halimo kabisa katika daftari la nchi linamopita. Lisipotozwa, wenyeji watauliza kwa nini sheria inawabana wao peke yao, na likizuiwa mpakani kwa deni ambalo dereva hakupata nafasi ya kulipinga, biashara ya kanda ndiyo itakayoumia. Haya ni mambo ya kutatuliwa kwa sheria kabla ya kufunga mtambo, kwa sababu mtambo wenyewe hauna namna ya kuyatatua.

Kosa dogo na kosa kubwa

Swali la tatu ni uwiano. Chini ya viwango vilivyotangazwa Uganda, mahali penye kikomo cha kilomita 30, aliyepita kwa kilomita 35 na aliyepita kwa kilomita 58 wote wanaangukia katika daraja moja la shilingi 200,000. Wa kwanza huenda aliteleza mguu kwenye kona. Wa pili alikuwa akienda kwa mwendo unaoweza kuua. Sheria inapowaweka katika kapu moja, wa kwanza anajiona ameonewa na wa pili anajiona amepata nafuu.

Kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zilipanga ngazi. Anayezidisha kwa kilomita 1 hadi 5 hupewa onyo. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Tanzania kwa upande wake imekuwa ikitumia faini moja ya shilingi 30,000 kwa kosa, na madereva wa huko wanaijua vyema “tochi”, yaani kifaa cha kupimia mwendo kinachoshikwa mkononi na askari. Faini hiyo moja ni rahisi kueleweka, lakini nayo haitofautishi kosa na kosa.

Ngazi zina faida nyingine isiyosemwa sana. Mtambo wa kupima mwendo, kama mizani ya sokoni, unaweza kukosea kidogo. Nafasi ya kilomita chache kati ya kikomo na faini humlinda mwananchi dhidi ya kosa la mtambo, na huilinda serikali dhidi ya kesi zisizo na mwisho.

Nani anaupima mtambo

Hapo ndipo swali la nne linapoingia: ushahidi. Askari anaweza kuhojiwa mahakamani, aulizwe alisimama wapi na aliona nini. Kamera haihojiwi. Kwa hiyo sheria inapaswa kutoa mbadala wa mahojiano hayo, yaani cheti cha chombo huru kinachoonyesha kwamba kifaa kilihakikiwa, tarehe ya uhakiki huo, na picha inayoonyesha mahali, saa na mwendo.

Ujerumani, nchi yenye kamera nyingi, imejifunza hilo mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya jimbo la Saarland iliamua kwamba faini haiwezi kusimama ikiwa kifaa hakikuhifadhi takwimu za awali za kipimo, kwa sababu mtuhumiwa hana namna ya kukikagua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ya shirikisho ikasema kwamba mtuhumiwa ana haki, ndani ya mipaka, ya kuona taarifa za kipimo zilizo mikononi mwa mamlaka hata kama hazimo katika jalada la kesi yake.

Nchi za Afrika Mashariki zina mashirika ya viwango yanayohakiki mizani na pampu za mafuta. Mwananchi anayenunua kilo moja ya sukari analindwa na kibandiko cha uhakiki kwenye mizani. Ni jambo la busara kwamba anayedaiwa shilingi 200,000 alindwe angalau kwa kiasi hichohicho.

Kuna pia suala la faragha. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019. Kamera inayopiga picha kila gari, lenye kosa na lisilo na kosa, inakusanya habari za safari za watu. Sheria nzuri hueleza picha za wasio na kosa zifutwe baada ya muda gani, na ni nani anayeruhusiwa kuzitazama.

Fedha zinakwenda wapi

Hoja inayochoma zaidi kuliko zote ni ya fedha. Mwananchi akishaamini kwamba kamera imewekwa ili kukusanya mapato, hakuna takwimu ya ajali itakayombadilisha mawazo.

Jimbo la Illinois, Marekani, liliona hatari hiyo liliporuhusu jiji la Chicago kutumia kamera za mwendo karibu na shule na bustani za umma. Sheria ya jimbo hilo inakataza kampuni inayotoa mitambo kulipwa kwa kufuata idadi ya faini au kiasi cha mapato. Malipo yake ni kwa thamani ya vifaa na huduma tu. Aidha, fedha zinazobaki baada ya gharama zinapaswa kutumika katika mambo yaliyotajwa na sheria, yakiwemo usalama wa watoto wanaokwenda shuleni na ukarabati wa barabara. Kwa mpango huo, kampuni haifaidiki madereva wanapokosea, wala haipati hasara wanapoendesha vizuri.

Lakini mipaka mizuri peke yake haitoshi, kama linavyoonyesha jimbo la Ontario nchini Kanada. Huko sheria ya mwaka 2017 iliruhusu kamera katika maeneo ya shule na maeneo maalumu ya usalama wa jamii pekee, alama za kuwatahadharisha madereva zilikuwa lazima, na mmiliki hakupunguziwa alama za leseni. Utafiti wa hospitali ya watoto ya SickKids na Chuo Kikuu cha Toronto Metropolitan, uliochapishwa mwaka 2025, ulichunguza maeneo 250 ya shule mjini Toronto na kubaini kwamba idadi ya madereva wanaozidisha mwendo ilipungua kwa asilimia 45 baada ya kamera kuwekwa. Pamoja na hayo, hasira za madereva ziliongezeka na baadhi ya kamera zilikatwa usiku na watu wasiojulikana. Waziri mkuu wa jimbo hilo, Doug Ford, alizieleza kuwa ni njia ya kuwakamua wananchi fedha. Kuanzia tarehe 14 Novemba 2025 zilipigwa marufuku katika jimbo zima, licha ya mameya wengi na wakuu wa polisi kuzitetea.

Ontario haikukosa sheria wala ushahidi. Kilichopungua ni imani ya madereva kwamba kamera hizo ni za watoto na si za hazina ya manispaa. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa mambo yanayoonekana, kama vile onyo kwanza kabla ya faini, hesabu za mapato zinazotangazwa, na kivuko kipya au njia mpya ya miguu iliyojengwa kwa fedha hizohizo mbele ya shule ileile.

Rwanda na somo la mwaka 2021

Hapa Rwanda malalamiko ya namna hiyo yaliwahi kusikika. Kamera za barabarani, ambazo wengi wanaziita “Sofia”, zilipoenea, madereva walilalamika kwamba mahali pengi kikomo cha kilomita 40 kwa saa hakikulingana na hali ya barabara. Mwaka 2021 Rais Paul Kagame alijibu malalamiko hayo katika mtandao wa Twitter, akikubali kwamba mwendo huo ulikuwa mdogo mno na kwamba panahitajika uwiano. Baadaye vikomo vilirekebishwa katika sehemu kadhaa za barabara.

Tukio hilo lilionyesha kwamba mfumo unaweza kurekebishwa bila kubomolewa. Lakini linaacha tahadhari pia. Kikomo kinapopandishwa kwa ajili ya barabara kuu iliyo wazi, kisipandishwe kwa pamoja na mita 200 za mbele ya shule. Kinyume chake, mwendo mdogo ukiwekwa kila mahali, mahali pa shule panapoteza heshima yake, kwa kuwa dereva hawezi tena kutofautisha alama inayolinda watoto na alama iliyosahauliwa na mafundi wa barabara.

Njia ambayo haihitaji kamera

Mjadala wa kamera usifunike ukweli kwamba kuna dawa nyingine iliyojaribiwa katika ukanda huu. Mjini Dar es Salaam, shirika la Amend liliendesha mpango wa kukagua mazingira ya shule za msingi zenye ajali nyingi na kuyarekebisha kwa vitu vya gharama ndogo: matuta, vivuko, njia za miguu, vizuizi vya kutenga watoto na magari, na malango ya shule yaliyohamishiwa upande ulio salama. Utafiti ulionyesha kwamba majeruhi katika maeneo ya shule zilizohusika walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Tuta halihitaji hati ya mashtaka. Halijali gari lina namba za Kampala, Kigali au Mombasa, wala mmiliki ni nani. Linapunguza mwendo wa tajiri na wa maskini kwa kiasi kilekile. Hata hivyo, haliwezi kuwekwa kila mahali, hasa kwenye barabara kuu za malori zinazopita katikati ya vituo vya biashara na shule, kama ile ya Mbarara hadi Masaka. Katika barabara za namna hiyo kamera ina nafasi yake, na ndiko sheria inakohitajika zaidi.

Uganda, kwa hiyo, ilikuwa na kila sababu ya kuanza, na kila sababu ya kusimama na kujirekebisha. Mapitio yoyote yatapimwa kwa majibu ya maswali machache: je, eneo la shule limechorwa na kuandikwa alama, je, faini inatofautisha mteleza na mkaidi, je, mmiliki anaweza kujitetea kabla deni halijaongezeka, je, kifaa kimehakikiwa, na je, kampuni inalipwa kwa huduma au kwa idadi ya wakosaji. Serikali ikijibu hayo hadharani, hata dereva aliyeudhika atakuwa na sababu chache za kukataa. Isipoyajibu, hasira zilezile zitarudi, na kamera zitazimwa tena huku watoto wakiendelea kuvuka barabara ileile kila asubuhi.